Nani ni Nani Katika Dunia ya Kubuni

Tarehe 29 Julai 1954, kampuni ya George Allen & Unwin ya London ilitoa juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings, riwaya ya J. R. R. Tolkien, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford. Katika dibaji Tolkien aliwaahidi wasomaji kwamba juzuu ya mwisho ingekuwa na faharasa ya majina na maneno mageni, pamoja na maelezo. Juzuu ya pili ikatoka Novemba mwaka huohuo. Ya tatu ilichelewa hadi tarehe 20 Oktoba 1955. Waliofika mwisho wake walikuta viambatisho vya wafalme, nasaba, kalenda na alfabeti, lakini faharasa haikuwemo. Wachapishaji waliweka taarifa fupi ya kuomba radhi.

Si kwamba mwandishi alizembea. Alianza kuiandaa faharasa hiyo mwaka huohuo wa 1954, kwa mkono wake mwenyewe. Alishughulikia majina ya mahali tu, yaani milima, mito, ngome na vijiji, kisha akakwama. Watu, farasi, panga na vito vyote vilikuwa bado vinamngoja. Ikabainika upesi kwamba faharasa ya aina aliyoitaka, yenye maana za majina na maelezo yake, ingetosha kuwa kitabu kidogo cha peke yake, na gharama ya kuichapa ingekuwa kubwa mno.

Kazi hii ina uzito wa namna yake. Msomaji wa kitabu cha historia akikutana na jina la Seyyid Said na asimkumbuke, anaweza kufungua kitabu kingine, kumuuliza mwalimu au kwenda maktaba. Msomaji wa riwaya kubwa ya fantasia akisahau Arathorn ni nani, hana pengine pa kuuliza. Kila kinachojulikana kuhusu mtu huyo kimo katika kurasa zilezile alizozishika. Faharasa inakuwa ndiyo kamusi ya nchi hiyo, ndiyo sensa yake. Na anayeitunga hawezi kunakili orodha iliyokwisha kuandaliwa na mwingine: inambidi akisome kitabu jina kwa jina, na karibu kila jina linamtaka aamue jambo ambalo msomaji wa kawaida hulipita bila kuliona.

Kwa Tolkien, kazi hiyo hatimaye ilifanywa na Nancy Smith mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwandishi akaipitia na kuirekebisha. Nafasi ya kuichapa ilipatikana mwaka 1965 kwa sababu ya ugomvi wa hakimiliki. Huko Marekani kampuni ya Ace Books ilikuwa imetoa toleo la bei nafuu la riwaya hiyo bila idhini ya Tolkien. Ili kulijibu, Ballantine Books ilitoa toleo lililoidhinishwa, lenye matini iliyosahihishwa, dibaji mpya na faharasa. Mwaka uliofuata faharasa ikaingia pia katika toleo la pili la Uingereza. Ahadi ya 1954 ikatimizwa kwa sehemu, baada ya miaka kumi na moja.

Mtu mmoja, majina matano

Ugumu wa kwanza wa faharasa ya namna hii unaonekana kwa kumfuata mhusika mmoja. Katika nyumba ya wageni ya kijiji cha Bree, msomaji anamkuta mtu mrefu aliyejitenga pembeni, viatu vyake vimechakaa kwa safari. Wenyeji humwita Strider. Muda si mrefu anajulikana kuwa ni Aragorn. Baadaye anatawazwa kwa jina la Elessar, na ukoo wake wa kifalme unapewa jina la Telcontar. Ukifika kwenye viambatisho unajifunza kwamba utotoni aliitwa Estel, na kwamba alipokuwa askari katika nchi za ugenini alijulikana kama Thorongil. Naye mchawi Gandalf ni Mithrandir kwa Waelfi, Tharkûn kwa Wadwafu, Incánus upande wa kusini, na zamani sana, katika nchi ya magharibi, alikuwa Olórin.

Mtunga faharasa huchagua jina moja liwe kidahizo kikuu, akakusanya hapo kurasa zote. Majina mengine yote huyapa mstari wake katika nafasi yake ya alfabeti, na kila mstari humwelekeza msomaji: tazama Aragorn, tazama Gandalf. Bila mistari hiyo, anayekutana na Thorongil katika kiambatisho atadhani ni mtu mwingine kabisa. Ikiwa kurasa zimegawanywa kati ya majina matano, hakuna hata sehemu moja itakayoonyesha maisha ya mtu huyo kwa ukamilifu wake.

Halafu kuna suala la herufi. Frodo Baggins anawekwa chini ya B, kwa kuwa Wahobiti, watu wadogo wa riwaya hiyo ambao Frodo ni mmoja wao, wana majina ya ukoo kama Waingereza wa mashambani. Aragorn mwana wa Arathorn anawekwa chini ya A, kwa kuwa watu wake humtaja mtu kwa jina lake na la baba yake. Kwa hiyo orodha moja inabidi ifuate desturi mbili bila kumchanganya mtafutaji. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu shida hii kwenye rafu zao wenyewe. Mwengo bin Athumani, mtunzi wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, hutafutwa chini ya M. Shaaban Robert hutafutwa chini ya R, ingawa Robert ni jina la baba yake. Mtunga faharasa wa dunia ya kubuni hana budi kujua watu wa dunia hiyo wanaitanaje kabla hajampa yeyote nafasi katika alfabeti.

Jina moja, vitu viwili

Upande wa pili wa shida hiyo ni jina moja linalobebwa na wawili. Fangorn ni msitu mkongwe. Fangorn pia ni mzee wa msitu huo, kiumbe mwenye umbo la mti anayetembea na kusema, ambaye Wahobiti wanamjua kwa jina la Treebeard. Faharasa ya miaka ya 1960 iligawanywa katika mafungu: nyimbo na mashairi, watu, wanyama na majitu ya kutisha, mahali, na vitu. Mgawanyo huo ulikuwa na faida kwa anayetaka kuona milima yote pamoja. Ila kwa kila jina ulimtaka msomaji ajue mapema anatafuta kitu cha aina gani, na riwaya hii imejaa vitu visivyokubali kuwekwa katika fungu moja. Upanga Andúril una jina, una nasaba, ulivunjika na ukafuliwa upya. Mlima Caradhras unawazuia wasafiri kwa theluji hadi wao wenyewe wanaanza kuujadili kana kwamba una nia mbaya. Old Man Willow ni mti, lakini hadithi inamtaja kama mtu.

Waliotengeneza faharasa mpya ya mwaka 2005, Wayne G. Hammond na Christina Scull, waliyaunganisha mafungu hayo. Nyimbo na matini za lugha nyingine walizitenga, kisha watu, mahali na vitu wakaviweka katika alfabeti moja. Wawili hao ni mume na mke, na wote walifanya kazi ya ukutubi: yeye Hammond katika Chuo cha Williams nchini Marekani, Scull katika makumbusho ya Sir John Soane mjini London. Waliandaa orodha yao upya kutoka kwenye matini, halafu wakailinganisha na ile ya Smith ili kutatua mashaka na kuhifadhi maelezo ambayo Tolkien mwenyewe alikuwa ameyaongeza. Waliifungua pia ile orodha ya majina ya mahali aliyoiacha njiani mwaka 1954.

Orodha hiyo ambayo haikumalizika ilikuwa imekwisha kuzaa matunda mengine. Christopher Tolkien, mtoto wa mwandishi, aliitumia alipotunga faharasa za The Silmarillion, iliyotoka mwaka 1977, na Unfinished Tales ya mwaka 1980.

Mfano wa Glorfindel ndio unaoonyesha vizuri zaidi kwamba swali la faharasa linaweza kuifikia hadithi yenyewe. Katika masimulizi ya kale ya Tolkien, Glorfindel ni shujaa wa Kielfi anayekufa akipigana na jitu la moto wakati mji wa Gondolin unapoanguka. Katika The Lord of the Rings, maelfu ya miaka baadaye, Glorfindel anatokea akiwa hai, amepanda farasi mweupe, anamtafuta Frodo barabarani. Je, ni mtu mmoja au ni wawili? Anayetunga faharasa hawezi kulikwepa swali hilo: ama aandike kidahizo kimoja, ama aandike viwili na kuvipa alama za kuvitofautisha. Tolkien mwenyewe alilirudia katika miaka ya mwisho ya maisha yake. Akaandika kwamba ni yuleyule, kwamba roho yake ilirudishiwa mwili na kutumwa tena duniani. Kutokana na uamuzi huo ilibidi afafanue jinsi kifo cha Waelfi kilivyo na jinsi wanavyoweza kurejea.

Farasi watano na siri moja

Nini kiingie, nini kiachwe? Katika mlango wa nane wa juzuu ya kwanza, baada ya Wahobiti kuokolewa kutoka kaburini na Tom Bombadil, yeye anawarudishia farasi wao wadogo. Anawaita kwa majina aliyowabunia yeye: Sharp-ears, Wise-nose, Swish-tail, White-socks na Bumpkin. Msimulizi anasema tangu siku hiyo waliyaitikia majina hayo maisha yao yote. Milango mitatu mbele, usiku wa Bree, farasi hao wanapotea. Mwenye haraka atawaruka wote watano. Mwenye subira atagundua kwamba hatima yao imeelezwa: walikimbilia kwa Tom, naye akawarejesha Bree, wakaishia kufanya kazi kwa mwenye nyumba ya wageni. Hiyo ni hadithi kamili, imetawanyika katika sehemu tofauti, na faharasa ndiyo inayoweza kuikusanya.

Kanuni nzuri ya kuchagua ni kujiuliza kama msomaji atapata sababu ya kurudi. Jina lililotajwa mara moja na kubeba tukio linastahili mstari wake. Jina lililotajwa mara mia moja kama pambo la mandhari halimsaidii mtu kwa kufuatwa na namba mia moja za kurasa. Lazima kurasa hizo zigawanywe kwa vichwa vidogo, kama safari, vita na kutawazwa, au zichaguliwe zile za maana. Mstari wa namba arobaini zilizopangwa bila neno hata moja la kueleza unamrudishia msomaji kazi ileile aliyoikimbia.

Suala la siri ni gumu zaidi, na linaihusu hadithi ya kubuni kuliko kitabu kingine chochote. Katika juzuu ya tatu, askari kijana aitwaye Dernhelm anampakia Mhobiti Merry kwenye farasi wake na kwenda naye vitani. Katikati ya uwanja wa mapigano, mbele ya adui ambaye imetabiriwa kwamba hatauawa na mwanamume, kofia ya chuma ya Dernhelm inaanguka na msomaji anaona kwamba ni Éowyn, mpwa wa mfalme. Ni mojawapo ya mafunuo makubwa ya kitabu. Mstari mfupi unaosema “Dernhelm: tazama Éowyn” unaimaliza siri hiyo kwa maneno matatu. Usipouandika, anayerudi kusoma mara ya pili hatakipata anachokitafuta. Watunzi wengi huchagua ukweli na ukamilifu, wakichukulia kwamba faharasa ni ya mtu aliyekwisha kumaliza kitabu. Wengine hutenganisha kazi mbili: orodha fupi ya wahusika mwanzoni, inayotaja yale tu yanayojulikana hadithi inapoanza, na faharasa kamili mwishoni.

Kuna pia adui wa kawaida kabisa, namba ya ukurasa. Matini ikipangwa upya kwa herufi ndogo au karatasi pana, kila namba inaharibika. Robert Foster, msomaji wa Marekani aliyeanza kuchapisha maelezo ya majina ya Tolkien katika jarida la mashabiki miaka ya 1960, aliyakusanya kuwa kitabu mwaka 1971, kisha akakipanua mwaka 1978 kwa jina la The Complete Guide to Middle-earth. Kurasa alizozitaja zilikuwa za toleo moja, kwa hiyo ilibidi aongeze jedwali la kuwasaidia wenye matoleo mengine. Kazi yake ni makini kiasi kwamba Christopher Tolkien mwenyewe aliisifu na kusema ameitumia mara nyingi. Kwa vitabu vya kielektroniki, ambavyo ukurasa wake hubadilika kwa ukubwa wa kioo cha simu, njia salama ni kutaja juzuu na mlango.

Faharasa ya mwandishi mwenyewe

Hadi hapa faharasa imekuwa mgeni anayefika kitabu kikiwa kimekamilika. Waandishi wa misururu mirefu wamejifunza kuianza mapema, kwa sababu ndiyo inayowakumbusha waliyokwisha kusema.

George R. R. Martin, ambaye A Game of Thrones yake ilitoka mwaka 1996, huweka mwisho wa kila juzuu orodha ya koo, mabwana, wake, watoto na watumishi wao. Pamoja na hayo amesimulia hadharani kwamba macho ya mhusika yamewahi kubadilika rangi, na farasi akawahi kubadilika jinsia kati ya sehemu moja na nyingine. Kwa miaka mingi ameomba msaada wa Elio García, aliyeanzisha pamoja na Linda Antonsson hazina ya taarifa kuhusu dunia hiyo. Mashabiki hao wawili walikuja kuandika naye The World of Ice & Fire, kitabu cha historia ya dunia hiyo ya kubuni, mwaka 2014. Brandon Sanderson amekwenda mbali zaidi: kampuni yake ina kamusi elezo ya ndani, na Karen Ahlstrom amekuwa mhariri wa kuhakikisha kwamba kitabu kipya hakipingani na vilivyotangulia.

Sanderson alijifunza thamani ya kumbukumbu hizo kwa kurithi kazi ya mtu mwingine. Robert Jordan alianza The Wheel of Time mwaka 1990. Alipofariki tarehe 16 Septemba 2007 alikuwa ametoa juzuu kumi na moja na hadithi moja ya utangulizi, zenye wahusika wenye majina zaidi ya 2,000, na hadithi ilikuwa haijakamilika. Aliacha sehemu chache alizokwisha kuziandika na rundo kubwa la maelezo kuhusu watu, mila, historia na uchawi wa dunia yake. Mjane wake Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimchagua Sanderson kukamilisha kazi. Wasaidizi wa Jordan, Maria Simons na Alan Romanczuk, walikuwa wakiyajua maelezo hayo na kukagua kila sura mpya dhidi yake. Juzuu tatu za mwisho zikatoka mwaka 2009, 2010 na 2013. Mwaka 2015 McDougal, Romanczuk na Simons waliyageuza maelezo hayo kuwa The Wheel of Time Companion, kitabu kikubwa cha marejeo kilichopangwa kwa alfabeti.

Mwandishi anayeanza leo riwaya ya aina hii kwa Kiswahili hahitaji kampuni wala wasaidizi. Jedwali la kawaida la kompyuta, au daftari lenye mistari, linatosha, mradi lianze pamoja na sura ya kwanza. Safu zinazohitajika ni chache: jina kuu, majina mengine yote na nani analitumia lipi, aina, kama ni mtu, mahali, mnyama au kitu, maelezo ya mwili yaliyokwisha kutajwa, kama umri, kovu na rangi ya macho, sura alimotokea mara ya kwanza na ya mwisho, na siri yake, pamoja na sura inamofichuliwa. Kila sura ikimalizika, inasomwa tena kwa ajili ya jedwali tu, na hakuna jina linaloachwa kwa kudhani kwamba litakumbukwa.

Rasimu ikikamilika, jedwali hilo lipangwe kwa safu ya mara ya mwisho kuonekana. Hapo watajitokeza wale waliotajwa kwa mbwembwe katika sura ya tatu na kutosikika tena, mjumbe aliyetumwa na asirudi, mtoto aliyeachwa kwa jirani. Lipangwe tena kwa herufi ya kwanza ya jina, na itaonekana kama wahusika saba wakuu wote wanaanza na M, jambo litakalomchosha msomaji kabla hajafika katikati. Kazi hiyo ya kupanga huchukua dakika chache, na marekebisho yake yanaweza kufanywa wakati matini ingali mikononi mwa mwandishi, kabla haijapelekwa kwa mchapishaji.